Dole la Nyumbani na Dole la Texas

Jumapili iliyopita, baada ya ibada, kijana mmoja alinifuata kwenye maegesho ya magari akiwa na simu mkononi. Akanipa shikamoo ya haraka haraka, ile ya mtu mwenye haja yake, kisha akaninyooshea picha za boti mbili.

"Mama Tumaini, ebu cheki hizi. Tunataka ku-buy moja na wife, ya kuvuta watoto kwenye lake. Ipi ni kali?"

Nikamwuliza nani nyumbani kwake anaogopa maji. Akacheka kwa heshima, akarudia swali kwa sauti kubwa zaidi, maana alidhani masikio yangu yamechoka.

Nilikusikia, mwanangu. Na kwa kuwa wewe ni wa nne au wa tano kuniuliza tangu joto lianze, nimeamua kuandika majibu yangu mara moja, ninyi vijana wote msome, na mimi Jumapili nile wali wangu ukiwa bado wa moto.

Kwanza mjue mnayeongea naye. Mimi ni mtu wa Dodoma. Wanaoijua Dodoma wameshaanza kutabasamu. Nilipokuwa msichana, maji mengi kuliko yote niliyowahi kuyaona mahali pamoja yalikuwa kwenye pipa la shule. Nikaja Texas kumfuata mume wangu aliyekuwa anasoma, nikapata kazi ya kuosha boti kwenye yadi moja karibu na ziwa la Grapevine, na miaka thelathini na mmoja baadaye nikastaafia hapo hapo nikiwa fundi wa injini. Kuogelea nilijifunza nikiwa na miaka arobaini. Kabla ya hapo wateja hawakuuliza, nami sikujipeleka kuwaambia.

Aliyenifundisha kazi ni mzee mmoja wa hapa, Hollis, mrefu, kofia imekolea jasho, maneno yake ya kuhesabu. Siku moja alimsikia mume wangu akiniita "Mama Tumaini" mlangoni, akadhani Mama ndilo jina langu la kwanza na Tumaini ni la ukoo. Wiki iliyofuata nikapewa shati la kazi lililoshonwa kifuani neno MAMA. Sikumsahihisha. Kwa hiyo kwa miaka yote ile wanaume wenye ndevu nyeupe, wengine wakubwa kuliko baba yangu, walisimama kwenye mlango wa karakana na kulalamika, "Mama, boti yangu haitaki kuwaka." Nilipenda sana. Sitawadanganya.

Kosa langu la kwanza lilikuwa la kizibo. Boti ina tundu dogo nyuma, chini kabisa, la kutolea maji yaliyoingia ndani, na tundu hilo lina kizibo kinachofunguliwa boti ikiwa nchi kavu. Wiki yangu ya pili Hollis aliniambia nioshe boti moja ya mteja, tukaishushe ziwani. Nikaiosha mpaka ikang'aa. Kizibo nacho nikakiosha, tena kwa sabuni, nikakianika juu ya ndoo. Tulipoiingiza majini boti ikaanza kukaa taratibu, nyuma kwanza, kama kuku anayetafuta mayai yake. Hollis hakupiga kelele. Aliniuliza tu kizibo kiko wapi, nami nikamjibu kwa fahari kwamba kinakauka. Mteja alikuwa amesimama ukingoni na miwani yake ya jua, akiangalia. Mpaka leo sijui Hollis alijizuiaje kunifukuza.

Tangu siku hiyo kizibo nakifunga kamba moja na ufunguo wa kuwashia. Huwezi kuushika ufunguo bila kukishika kizibo. Fanyeni hivyo hivyo, na msione aibu.

Kosa la pili lilinitoa machozi. Texas hii ina baridi ya kushtukiza. Leo umevaa kandambili, kesho mabomba yamepasuka. Injini ya boti ikiwa na maji ndani na barafu ikaikuta, chuma kinapasuka, basi injini imekwisha. Kwa hiyo kabla ya baridi unafungua vibomba vyote vya injini na kuyamwaga maji. Injini ile ilikuwa na vibomba vitano. Nilifungua vinne. Nilipoona ufa nilikwenda kulia chooni, nikiwa nimeshika taulo mdomoni ili wanaume wasinisikie. Hollis alinisubiri nje ya mlango mpaka nikatoka. Akanipeleka kwenye injini nyingine, akaushika mkono wangu, akauweka kwenye kila kibomba na kuniambia nihesabu kwa lugha nitakayoikumbuka. Nikahesabu kwa Kiswahili. Hollis naye akashika. Mpaka anastaafu, ikifika Novemba ungemsikia chini ya boti akinung'unika "moja, mbili, tatu, nne, tano," na wateja wakidhani anasali.

Mambo mengine aliyonifundisha ni madogo, lakini yatawasaidia kuliko hizo video mnazotazama. Ukienda kuangalia boti ya mtu, mwambie utafika saa nne, halafu fika saa tatu na nusu. Kabla salamu hazijaisha, weka kiganja juu ya injini. Ikiwa ya moto, mwenyewe ameiwasha mapema ili usione inavyosumbua ikiwa baridi. Agana naye kwa upole.

Na jingine, la kulamba. Siku ya kwanza kumwona Hollis akilamba kidole alichosugua kwenye boti nilidhani mzee ameanza kuchanganyikiwa. Kumbe anatafuta chumvi. Injini nyingi za boti hizi hunywa maji ya pale zilipo ili zipoe, na boti nyingi za upande wa Houston zimewahi kushushwa kwenye maji ya bahari kule Galveston. Chumvi inaitafuna injini kutoka ndani, polepole, huku nje mambo yanang'aa. Mtu anaweza kuiosha boti vizuri, lakini hakumbuki kuosha nyuma ya boliti na chini ya vyuma. Unasugua hapo kidole, unagusa ulimi, unajua. Nimelamba boti nyingi kuliko koni za aiskrimu.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe, maana nimeanza kuzunguka, na ninazunguka kwa sababu linaniuma.

Yadi yetu ilikuwa na desturi ya siku moja ya kiangazi ya wafanyakazi kuleta familia zao ziwani. Tumaini, binti yangu, alikuwa na miaka tisa. Hollis alishika usukani. Mtoto akalazwa juu ya tyubu, lile boya kubwa la kujazwa upepo linalovutwa kwa kamba, na mimi nikakaa kiti cha nyuma nikimtazama. Lazima awepo mtu wa kutazama nyuma, kwa sababu dereva anatazama mbele; anachokiona cha nyuma ni kile kilichomo kwenye kioo chake kidogo.

Tukaondoka taratibu. Nikataka kumwuliza mwanangu kama yuko sawa. Injini inanguruma, sauti haifiki. Nikafanya tunavyofanya wote: nikanyanyua dole gumba, nikainua na nyusi. Uko sawa? Na yeye, kama nilivyomfundisha kwamba mama akikuuliza unamjibu, akanyanyua la kwake. Niko sawa.

Vijana, kwenye maji ya nchi hii dole likielekea juu halina maana ya niko sawa. Maana yake ni ongeza mwendo.

Hollis akaona madole mawili kwenye kioo, la mama na la mtoto. Akaongeza. Nikaona taya za mwanangu zimekaza, nikapata wasiwasi, nikauliza tena, safari hii dole limeinuliwa juu zaidi ili alione vizuri. Akanijibu. Hollis akaongeza. Tyubu ikaanza kuruka juu ya mawimbi. Mimi nimeshikwa na hofu, naliinua dole na kulitikisa, na yule mtoto, akiwa ameng'ang'ania kishikio kwa mkono mmoja, anautoa mkono wa pili kila mara ili asimkosee mama yake adabu.

Alirushwa. Aliyapiga maji kwa uso, akazama, jaketi la kuokolea likamwinua, akatoka anakohoa na mdomo umepasuka. Hollis alizima injini hata kabla sijapiga ukelele. Hakuumia zaidi ya mdomo, ninamshukuru Mungu mpaka leo. Lakini ndani ya gari tukirudi nyumbani aliniuliza kitu kimoja, kwa sauti ndogo.

"Mama, kila ukinyanyua dole boti ilikuwa inakimbia. Kwa nini ulikuwa unanyanyua?"

Nilimweleza. Nilimweleza siku hiyo na siku nyingi baadaye. Alielewa, si mjinga. Lakini hakuingia tena majini. Tulikwenda Galveston akakaa mchangani na viatu vyake. Shule ikapanga safari ya bwawa la kuogelea, akajifanya tumbo linauma. Miaka ikapita, akawa muuguzi, akaolewa, akazaa, na mimi niliyeishi kwa kutengeneza furaha ya watoto wa wenzangu majini nikawa na binti ambaye maji hayamfiki kwenye vifundo vya miguu. Sikulisema sana. Liliniuma sana.

Hollis naye lilimuuma moyoni. Aliniomba msamaha kana kwamba ndiye aliyezaliwa Dodoma. Tangu hapo karakana nzima ikajua kuna dole la nyumbani na dole la Texas, na anayetazama nyuma akatazwa kunyanyua mikono ovyo. Ukitaka kujua kama mtu yuko sawa, wewe mtazame tu. Yeye ndiye ataweka kiganja juu ya kichwa chake, na hiyo ndiyo niko sawa, haichanganyiki na kitu. Dole chini, punguza. Mkono kukata shingoni, simama. Wafundisheni wageni wote kabla kamba haijafungwa, hasa shangazi waliokuja kutembea kutoka nyumbani. Hao ndio hatari kabisa kwa madole.

Basi, mwaka jana majira ya kuchipua, Daudi akaja na habari ya boti. Daudi ni mkwe wangu, Mkenya, dereva wa malori, wanaishi Euless na Tumaini na mjukuu wangu Imani, mwenye miaka kumi na mmoja. Imani alikwenda na familia ya rafiki yake ziwani, akajifunza kusimama juu ya ubao nyuma ya boti, akarudi haongei kitu kingine. Daudi akatafuta mitandaoni mpaka akabaki na boti mbili. Tumaini aliambiwa achague, akasema, "Chukueni yoyote. Mimi nitakaa na chakula."

Alilisema kwa wepesi, akiwa anakunja nguo. Daudi akacheka. Mimi sikucheka.

Boti ya kwanza ilikuwa nyeupe, ya muuzaji mmoja wa hapa karibu na Lewisville. Pana, viti mpaka mbele kwenye pua yake, friji ndogo, choo kidogo chenye mlango. Daudi alizunguka ndani yake kama bwana harusi.

"Mama, hii ni tamu. Choir yote inaingia humu. Na vile ime-maintain-iwa poa."

Ilikuwa boti nzuri, sikatai. Injini baridi, imewaka mara moja, kidole changu hakikuonja chumvi. Kwa kuvuta tyubu na kubeba watu, haina neno. Lakini nilimshika mkono nikampeleka nyuma, nikamwinamisha. Propela, zile panga zinazozunguka majini na kuisukuma boti, ilikuwa kwenye mguu uliochomoza nyuma ya boti.

"Imani anataka kufanya nini?" nikamwuliza.

"Ku-surf ile wave."

"Anasimama umbali gani?"

Akapima kwa macho. Huo mchezo ndivyo ulivyo: mtoto anakaa hatua chache tu nyuma ya boti, anaiachia kamba, anasukumwa na wimbi lenyewe. Akianguka, anaangukia hapo hapo. Daudi akaitazama tena ile propela.

"Si tunaeza tu kuwa careful, Mama?"

"Propela haina macho, baba. Kuwa mwangalifu ni kazi ya mtu, na mtu huchoka."

Tuliijaribu majini hata hivyo, bila mchezo wa wimbi, kwa kuwa muuzaji alikuwa mkarimu. Tumaini alikuja. Jaketi la kuokolea alilivaa na kulifunga tangu kwenye maegesho, na ndani ya boti akakaa mbele kabisa, mgongo ameupa nyuma, safari nzima akitazama ufuko. Nilimtazama kisogo chake kwa dakika arobaini.

Boti ya pili ilikuwa kusini, ziwa la Conroe, juu ya Houston. Tukashika barabara ya 45 asubuhi, maandazi kwenye ndoo ya aiskrimu, Tumaini kando ya Daudi, Imani na vitu vyake masikioni. Boti nyeusi, mnara mrefu wa kufungia kamba, matangi ndani ya kujaza maji ili ikae nzito na kutengeneza wimbi kubwa. Propela yake iko chini ya tumbo, mbali na mtu aliyeko nyuma. Mwenyewe ni mwalimu mstaafu, Bi Lorraine, mwanamke mdogo wa umbo mwenye kofia ya majani. Kwenye simu alimwapia Daudi kwamba haijawahi kuguswa na maji ya bahari.

Nilifika nusu saa mapema, kama nilivyowafundisha. Injini baridi, vizuri. Nikaenda pembeni ya trela, nikasugua kidole nyuma ya chuma kimoja, nikakilamba.

Chumvi.

Hasira yangu mnaijua, msijifanye. Nilirudi kwa yule mama, nikamwambia kwa Kiingereza changu chote kwamba nimefanya kazi hii miaka thelathini na mmoja, kwamba tumetoka mbali na mtoto, na kwamba mwalimu hapaswi kusema uongo. Daudi akaanza kutazama viatu vyake. Bi Lorraine alinisikiliza mpaka nikamaliza. Kisha akakitazama kidole changu, akaniuliza taratibu kama nimelamba trela.

Nikasema ndiyo.

Akasema trela alipewa na jirani yake, anayeweka boti yake Galveston. Boti hii ilikuja bila trela.

Aibu niliyoipata hapo siwezi kuiandika yote. Ni kosa la mwanafunzi wa wiki ya pili: nimelamba trela nikahukumu boti. Nikafungua kifuniko cha injini, nikasugua kila mahali ambapo Hollis angesugua, moja, mbili, tatu, nne, tano, nikahesabu kwa sauti. Vumbi na mafuta basi. Hakuna chumvi hata chembe. Nikamwomba yule mama radhi, naye akaniletea chai ya barafu, akasema angependa wanafunzi wake wangekuwa wanakagua kazi zao namna ile. Kwa hiyo kwenye kulamba, wanangu, ongezeni hili: jueni mnalamba nini.

Majini nako kulikuwa na kicheko. Boti yenye propela chini ya tumbo ukiirudisha nyuma haikusikilizi. Inavutwa upande mmoja, hata ufanye nini na usukani. Daudi, ambaye analirudisha lori la magurudumu kumi na nane kwa mkono mmoja huku anakunywa kahawa, alikuwa karibu kuigonga gati ya Bi Lorraine mara mbili. "Aki hii kitu ina-refuse," akasema, jasho linamtoka. Nikamwonyesha: jua upande inaopenda kwenda, kisha ukae nao ukusaidie, usishindane nao. Zamani mwendo nao dereva aliushika kwa sikio tu, Hollis alikuwa anainamisha kichwa kama anasikiliza siri. Siku hizi unaandika namba kwenye skrini, boti inaushika yenyewe. Nilitaka kuudharau uvumbuzi huo, lakini ulipomvuta mjukuu wangu bila kutikisika hata kidogo nilinyamaza.

Imani alisimama juu ya ubao mara ya tatu. Mimi nimekaa nyuma, mikono magotini. Akaanguka, akaibuka, akaweka kiganja kichwani.

"I'm good, Bibi!"

Na hapo ndipo nilipoona kitu ambacho hakikuwa kwenye picha za Daudi. Boti ile nyuma ina kibaraza kipana cha mbao, kiko sawasawa na maji, na viti vinavyotazama nyuma. Daudi alipoizima injini tupumzike, nikasikia mtu anapita kando yangu. Tumaini ametoka mbele, alikokaa kama mara ya kwanza. Akasema anataka kumwona mtoto vizuri. Akakaa kwenye kibaraza. Muda kidogo akavua kiatu kimoja. Akakaa nacho mkononi. Kisha akavua cha pili.

Nilijua nikimtazama atasimama, kwa hiyo nikageuka, nikajifanya nakagua kizibo. Kizibo nilikuwa nimeshakikagua mara mbili. Nyuma yangu nikasikia maji yakichezewa na miguu, kidogo, chwa, chwa. Imani akamwambia, "Mom, it's warm, right?" Na mama yake akajibu, "Kidogo."

Hakuingia siku ile. Miguu tu. Tukarudi kwenye barabara ya 45, na tulipopita Corsicana ndipo Tumaini akasema, akitazama dirishani, "Hiyo nyeusi."

"Na choir je?" Daudi akauliza.

"Choir itaimba nchi kavu."

Nililala usingizi mzuri sana siku hiyo.

Kwa hiyo kijana wangu wa maegesho, sasa unajua kwa nini nilikuuliza nani anaogopa. Wasioogopa watafurahi ndani ya boti yoyote, hata ndani ya karai. Mchukue anayeogopa, mpeleke kwenye zote mbili, usimsemeshe. Angalia anakaa wapi. Kama watoto watacheza na wimbi karibu na boti, propela iwe chini ya tumbo, hapo sina mjadala, na injini ikiwa inanguruma mtu asikae kibarazani, maana moshi wake una sumu usiyoiona. Kama mtavuta tyubu tu na kubeba kwaya, nunua ile nyeupe kama bado ipo, ni boti nzuri, mwambie muuzaji mama aliyelamba anamsalimu. Mengine yote, rangi, spika, taa za chini, watakueleza wenyewe bila kuulizwa.

Nimalizie na Jumamosi ya wiki mbili zilizopita, kwa sababu ndiyo iliyonifanya nishike kalamu kwa moyo mwepesi.

Tulikuwa Grapevine, kwenye ziwa lile lile. Tangu mwaka jana Tumaini ameendelea taratibu: miguu, magoti, halafu siku moja akateremka kwa ngazi akiwa ameshika kibaraza kwa mikono miwili. Jumamosi hiyo alimaliza kumpaka Imani mafuta ya jua, akafunga jaketi lake, akasema kama mtu anayeomba chumvi mezani, "Leteni tyubu."

Daudi akaileta.

Tukaondoka polepole, mwendo wa mtu anayetembea. Mimi nimekaa kiti cha nyuma, na mikono nimeikalia, nimeiweka chini ya mapaja kabisa, maana siiamini. Kamba ikakaza. Tumaini amelala kifudifudi juu ya lile boya, kidevu juu, macho kwangu. Nikawa namtazama tu, kama sheria inavyosema. Akautoa mkono mmoja kwenye kishikio, akauweka juu ya kichwa. Niko sawa. Nikapumua.

Tukaenda hivyo kipande kirefu. Kisha mkono ule ukashuka kutoka kichwani, ukanyooka mbele yake, na dole gumba likainuka.

Daudi akaliona kwenye kioo. Mkono wake ukaganda kwenye kishikio cha kuongezea mwendo. "Mama," akaniita bila kugeuka, "hiyo ni gani? Ya huku ama ya home?"

Sikujua. Namtazama mwanangu mwenye miaka thelathini na sita, namwona wa miaka tisa, ananijibu ili asinikosee adabu. Nikazikusanya nguvu zangu zote, nikapaza sauti kuvuka maji.

"La wapi, Tumaini?"

Alikuwa anacheka. Niliyaona meno yake kabla sijamsikia.

"La Texas, Mama!"

Nikamgeukia Daudi, machozi yananitiririka, nikamwambia aongeze.